Kengele ya mtiririko inayolia pasipo moto na kunyamaza siku ya ukaguzi: anza na hewa iliyo ndani ya mabomba

SWALI: Mhandisi, ninasimamia matengenezo katika jengo la ofisi lenye ghorofa tisa hapa Dar es Salaam. Tangu mpangaji wa ghorofa ya saba akarabati ofisi zake, kengele ya mtiririko wa maji ya ghorofa hiyo imekuwa ikilia usiku wa manane, ilhali hakuna moto wala sprinkla (kinyunyizio cha maji cha darini) iliyofunguka. Fundi tuliyemwita aliongeza muda wa ucheleweshaji kwenye swichi, na usumbufu ukaisha. Juzi mkaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji alipokuja, tulifungua vali ya majaribio ya ghorofa hiyo, tukasubiri zaidi ya dakika tatu, kengele haikulia. Je, swichi imekufa, tununue nyingine? Uongozi unapendekeza waya wake ukatwe kwanza hadi bajeti ipatikane.

JIBU: Ndugu yangu, usinunue swichi bado, na waya usikatwe. Katika maelezo yako kuna jambo moja linalonifanya niamini kwamba matatizo haya mawili, kulia pasipo moto na kunyamaza mbele ya mkaguzi, yana chanzo kimoja: yalianza baada ya ukarabati wa ghorofa ya saba. Ili sprinkla zisogezwe zilingane na kuta mpya za mpangaji, ilibidi maji ya ghorofa ile yamwagwe, na kazi ilipokwisha vali ikafunguliwa na mabomba yakajazwa upya. Sasa, mabomba ya sprinkla hayana mdomo ulio wazi. Kila ncha yake imezibwa. Maji yakiingizwa kwa haraka, hewa iliyokuwamo haina pa kutokea, hivyo hubanwa na kubaki humo humo kwenye matawi yaliyo juu ya dari. Hewa hiyo ndiyo ninayoishuku kwanza, na ule ucheleweshaji ulioongezwa ulificha dalili yake tu.

Tukiangalie kifaa chenyewe, kwa sababu bila kukijua utabaki ukibahatisha. Swichi ya mtiririko inayofungwa katika majengo mengi ya ghorofa ni ya kasia: kipande chembamba cha plastiki kinachonyumbulika, chenye upana unaokaribia kipenyo cha bomba, ambacho hukunjwa, hupitishwa kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa bomba, kisha hukunjuka na kusimama ndani ya maji. Maji yakitulia, kasia hutulia. Maji yakisogea kuelekea kwenye sprinkla, kasia husukumwa na kuinamisha mkono wa chuma uliomo ndani ya kile kisanduku cha juu. Swichi nyingi za aina hii huanza kuitikia mtiririko wa kati ya lita 15 na 38 kwa dakika. Mkono huo haugusi swichi ya umeme papo hapo. Kati yao kuna kicheleweshi, pistoni ndogo inayopitisha hewa polepole kwenye tundu jembamba, na muda wake hurekebishwa kwa kisahani kuanzia sifuri hadi takriban sekunde 90. Shika jambo moja hapa, kwa kuwa tutalihitaji baadaye: kasia likirudi mahali pake hata mara moja kabla ya muda kutimia, kicheleweshi nacho hurudi mwanzo na kuanza kuhesabu upya.

Maana yake ni kwamba swichi ya kasia inapolia usiku, mara nyingi imetoa taarifa ya kweli. Maji yamesogea. Kilichobaki ni kujua yalikwenda wapi ikiwa hakuna sprinkla iliyofunguka na hakuna dari iliyolowa.

Kabla ya kugusa chochote, wajulishe walinzi wa jengo, wapangaji wa ghorofa husika na kampuni inayofuatilia kengele zenu kama mmeunganishwa nayo, kwamba mtafanya majaribio kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Weka mtu kwenye paneli ya kengele za moto mwenye simu na karatasi ya kuandika muda, na mwingine kwenye chumba cha pampu. Vali kuu ya ghorofa isifungwe kwa kisingizio cha majaribio. Ikilazimu kufungwa kwa ajili ya kufungua bomba, awepo mtu wa kuzunguka ghorofa hiyo akiangalia moto muda wote ambao maji hayapo, na jina la aliyeifunga na la atakayeifungua liandikwe. Vali iliyosahauliwa imefungwa ni hatari kubwa kuliko kengele yoyote iliyoharibika.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha umeme na maji, nayo huchukua dakika chache. Fungua kifuniko cha swichi ya ghorofa ya saba kwa ule ufunguo wake maalumu. Uangalie mkono wa kasia: usukume kwa kidole upande ule ambao mtiririko ungeusukuma, kufuata mshale ulioandikwa kwenye kisanduku, uushikilie, na uanze kuhesabu. Ukiwa mzima utausikia mkono ukiwa laini bila kukwaruza, kisha pistoni ikisogea taratibu, na mwishoni mlio mdogo wa swichi ya umeme ikiruka. Kwa wakati huo huo aliye kwenye paneli aone alama ya moto ya ghorofa ya saba. Ukiachia, mkono urudi wenyewe mara moja. Rudia mara kadhaa, kwa sababu kicheleweshi kilichochakaa huweza kutoa sekunde 60 mara ya kwanza na sekunde tano mara ya pili, na kifaa cha namna hiyo hakirekebishiki kwa kisahani, hubadilishwa. Baadhi ya watengenezaji huuza kicheleweshi pamoja na swichi zake za umeme peke yake, bila kukulazimu kufungua bomba wala kumwaga maji, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kununua kifaa kizima.

Mlio wa swichi ukisikika lakini paneli ikanyamaza, tatizo liko kwenye umeme, nawe una mahali pachache pa kutafuta. Swichi nyingi za aina hii zina jozi mbili za kontakti, na kila jozi ina sehemu inayofunga mtiririko ukitokea na sehemu inayofunguka. Waya uliowekwa upande usio wake utaleta kengele ya kudumu au kimya cha kudumu. Pima kwa multimita waya zikiwa zimeondolewa, huku ukiusukuma mkono. Ukimaliza tazama rizista ya mwisho wa laini: iwe mwishoni kabisa baada ya kifaa, si kwenye paneli, kwa maana ikiwa ndani ya paneli waya unaweza kukatika njiani na paneli isijue. Huku kwetu pwani usipuuze hewa ya chumvi na unyevu unaoingia kwa njia ya mabomba ya waya. Skrubu zenye ukoga wa kijani na alama za maji yaliyokauka chini ya kisanduku ni sababu tosha ya kengele inayolia leo na kunyamaza kesho. Mwisho, muulize aliyeprogramu paneli kama aliongeza ucheleweshaji mwingine ndani ya programu, au kama aliiweka swichi ya mtiririko kwenye utaratibu wa kuhakikisha kwanza, ule unaotumika kwa vitambua moshi, ambapo paneli hufuta taarifa ya kwanza na kusubiri ya pili. Utaratibu huo haufai kwa kengele ya maji. Ucheleweshaji wa swichi ukijumlishwa na wa paneli, utapata jumla ambayo hakuna aliyeikusudia.

Kwa dalili ulizoeleza, hata hivyo, natarajia umeme utakutwa mzima. Hivyo tuingie kwenye maji, ambako ndiko kwenye kiini cha swali lako.

Toa kumbukumbu za matukio kutoka kwenye paneli, uandike saa na dakika ya kila kengele ya ghorofa ya saba tangu ukarabati. Kisha nenda kwenye chumba cha pampu. Pamoja na pampu kuu ya moto mna pampu ndogo ambayo mafundi huiita pampu ya joki, yenye kazi ya kurudisha presha inayopungua kwa mivujo midogo ili pampu kuu isiamshwe bure. Kama kidhibiti chake kina kihesabu cha kuwaka au kumbukumbu ya saa, linganisha na kumbukumbu za kengele. Kama hakina, keti hapo na saa mkononi, uandike kila inapowaka, presha ya geji inapowaka na inapozimika, na muda inaokimbia. Kengele zilizolia zikilingana na nyakati ambazo pampu ya joki iliwaka, umeshamjua mhusika wa kwanza.

Lakini pampu ya joki huwaka kila siku na ghorofa nyingine hazilii. Tofauti ni hewa, na hapa nitakuomba uvumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo itakayowashawishi wakubwa wako kuliko maneno yangu. Tuseme kwenye matawi ya ghorofa ya saba kuna hewa inayochukua nafasi ya lita 40 wakati geji ya ghorofa inasoma bar 6. Pampu ya joki inawaka na kupandisha presha hadi bar 8. Ukijumlisha ile bar moja ya hewa ya anga, presha halisi imetoka 7 hadi 9, na hewa iliyobanwa imepungua kutoka lita 40 hadi lita 31. Zile lita tisa zilizopungua zimejazwa na maji, na maji hayo hayana njia nyingine isipokuwa kulipita kasia. Ikiwa pampu inatoa lita 60 kwa dakika, basi kwa muda wa sekunde tisa hivi kasia limesukumwa na mtiririko unaozidi kabisa kiwango chake cha kuitikia, na kama kicheleweshi kilikuwa kimeachwa karibu na alama ya mwanzo ya kisahani, kengele imelia. Katika ghorofa ambayo mabomba yake yamejaa maji matupu, kupanda huko huko kwa presha hakusogezi hata kikombe kimoja cha chai, kwa sababu maji hayabanwi kirahisi.

Kuhusu usiku, sababu zaweza kuwa zaidi ya moja. Mchana joto la dari hupanua maji na hewa iliyomo, presha hukaa juu, na pampu ya joki haina la kufanya. Usiku mabomba yakipoa presha hushuka nayo huanza kuwaka. Mahali ambapo mfumo umeunganishwa na bomba la mamlaka ya maji moja kwa moja, mambo hugeuka: usiku matumizi ya mji hupungua, presha ya bomba la mtaani hupanda, na msukumo huo huingia kwenye mfumo bila pampu yoyote kuwaka. Aidha, ikiwa pampu ya joki inawaka kila baada ya dakika chache hata usiku, presha inapotea mahali fulani, na unapaswa kutafuta mvujo: vali ya kumwagia maji isiyofunga vizuri, jointi iliyo chini ya ardhi, au vali ya kuzuia maji yasirudi ambayo kipepeo chake hakikai sawa juu ya kiti chake na kuruhusu maji yarudi kwenye tangi kupitia pampu. Mvujo hauondoi hewa na hewa haiondoi mvujo, kwa hiyo yote mawili yashughulikiwe.

Sasa tuje kwenye kimya cha siku ya ukaguzi, ambacho ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kanuni ya NFPA 72, ya shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, ambayo wengi wetu tunaifuata katika majengo ya ghorofa, kwa miaka mingi imetaka swichi iitikie ndani ya sekunde 90 pale mtiririko unapolingana na ule wa sprinkla moja yenye tundu dogo kuliko zote katika mfumo. Ninyi mmesubiri zaidi ya dakika tatu. Swali langu kwako ni dogo: maji yaliyotoka kwenye vali ya majaribio yalikuwa kiasi gani?

Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Sprinkla ya kawaida yenye kipimo cha K80 hupitisha lita 80 kwa dakika ikiwa presha mdomoni mwake ni bar 1, na kwa kuwa mtiririko huongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha, kwa bar 4 hupitisha lita 160. Kwa hiyo mdomo wa majaribio uliotengenezwa kulingana na sprinkla hiyo, ukiwa na bar 4 nyuma yake, unapaswa kuijaza ndoo yako kwa muda wa sekunde saba au nane, na kwa bar 1 kwa sekunde 15. Ndoo ikichukua nusu dakika, unapata lita 40 tu kwa dakika, yaani kiasi kilicho ukingoni kabisa mwa uwezo wa swichi kuhisi. Hapo usiilaumu swichi. Tazama kama vali ya majaribio ilifunguliwa yote, kisha ufungue kile kipande cha mwisho chenye tundu na uchunguze kama kimezibwa na magamba ya kutu. Ninatarajia utakuta kutu, na tena utakuwa umekutana na hewa ile ile, kwa sababu oksijeni iliyomo ndani yake ndiyo hula chuma pale maji na hewa vinapokutana, na magamba yanayobanduka husukumwa na kila jaribio hadi mwisho wa laini, yaani kwenye mdomo wa majaribio.

Mtiririko huo mdogo una athari nyingine ambayo watu wengi hawaioni. Endelea na mfano wetu: maji yanatoka lita 40 kwa dakika, pampu ya joki inaweza kutoa 60. Vali ya majaribio inapofunguliwa, kwanza hewa iliyobanwa hutanuka na kusukuma lita tisa nje bila tone jipya kulipita kasia. Hizo ni sekunde 13 za kimya. Presha ikifika bar 6 pampu ya joki inawaka, kasia linanyanyuka, kicheleweshi kinaanza kuhesabu. Pampu inalisha mdomo wa majaribio na kwa ziada yake inabana hewa upya, na baada ya takriban nusu dakika presha imefika bar 8, pampu inazimika, kasia linarudi chini na hesabu inafutwa. Mzunguko unaanza tena. Kwa kuwa fundi wenu alipeleka kisahani karibu na sekunde 90, hakuna mzunguko hata mmoja unaofikisha muda huo, na mngeweza kusimama hapo saa nzima bila kusikia chochote, huku swichi ikiwa nzima na pampu kuu ikiwa haijawahi kuamshwa. Ukitaka kuhakikisha, acha kifuniko cha swichi wazi wakati wa jaribio na utazame mkono kwa macho yako: ukinyanyuka, ukashuka, ukanyanyuka tena, umepata jibu.

Usichukulie kwamba moto halisi ungetoa maji mengi zaidi na kuiamsha pampu kuu, hivyo hakuna shida. Inawezekana ungefanya hivyo. Lakini jaribio lililoshindwa halithibitishi lolote, na kutu iliyoziba mdomo wa majaribio inaweza kuwa imefika kwenye sprinkla pia. Pampu ya joki yenyewe iangaliwe ukubwa wake: haitakiwi kuweza kuilisha hata sprinkla moja iliyofunguka, kwani ikiweza, itaficha moto kwa muda kama ilivyolificha jaribio lenu.

Tiba, basi, ni kutoa hewa. Mwaga maji ya ghorofa ya saba kwa kufuata tahadhari nilizotaja, kisha jaza upya polepole, vali ya ghorofa ikiwa imefunguliwa robo tu, huku vali ya majaribio iliyo mwisho wa laini na sehemu yoyote ya juu kabisa yenye plagi zikiwa wazi. Utasikia hewa ikipuliza mfululizo, kisha maji yatakuja yakikohoa, yamechanganyika na hewa na pengine yakiwa na rangi ya kutu. Usifunge hapo. Subiri mpaka mkondo uwe mzito, wazi na usiokatika, ndipo ufunge mdomo na kufungua vali ya ghorofa yote. Rudia baada ya siku mbili tatu, kwa sababu hewa iliyojificha kwenye matawi ya pembeni husogea kidogo kidogo. Hewa yote haitatoka kwa njia hii, hasa pale ambapo matawi yanapanda na kushuka kukwepa mifereji ya viyoyozi, na ndiyo maana toleo la 2016 la NFPA 13 lilianza kutaka mfumo wa maji wenye mabomba ya chuma uwe na vali ya kutolea hewa. Kama ghorofa zenu hazina, ninashauri kwa dhati mfunge moja ya kujiendesha kwenye kila ghorofa mahali palipo juu zaidi. Itapunguza kengele za uongo na kutu kwa pamoja, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kubadilisha mabomba.

Ukishatoa hewa, rudisha kisahani. Anza na kama sekunde 30, ujaribu kwa maji, upime muda kutoka vali inapofunguliwa hadi paneli inapoitikia. Ikiwa kengele haisumbui usiku kwa wiki mbili, iache hapo. Ikisumbua, ongeza kidogo tu, upime tena kwa maji na si kwa kidole, na jumla isivuke sekunde 90. Nambari au herufi za kwenye kisahani zisikudanganye. Vicheleweshi viwili vilivyowekwa alama moja huweza kutofautiana kwa sekunde nyingi, na saa ndiyo yenye neno la mwisho.

Yawezekana hewa ikatolewa, ndoo ikajaa kwa sekunde zinazotakiwa, na bado mkono wa kasia usinyanyuke. Hapo kuna kasoro ya usakinishaji au kasia limeharibika, na bomba itabidi lifunguliwe. Kabla ya hapo tazama mambo yanayoonekana kwa nje: mshale uelekee kwenye sprinkla, swichi iwe mbali na kiwiko au tii kwa angalau sentimita 15, na mbali na vali kwa angalau sentimita 60, kwa kuwa maji yanayozunguka na kuchafuka karibu na vitu hivyo hulitikisa kasia au kulipita pembeni. Ukiitoa, uangalie kama kasia lipo zima, maana huweza kukatika na kipande chake kikaenda kukwama mbele kwenye mabomba, nacho lazima kitafutwe kisije kikaziba tawi. Pitisha kidole kuzunguka tundu la bomba: kingo zenye makapi ya chuma hulishika kasia, na tundu lililotobolewa dogo kuliko maelekezo hulibana kabisa. Kwa swichi nyingi za kufungwa kwa boliti ya U, tundu ni takriban milimita 33 kwa bomba la inchi 2 hadi 2½, na milimita 50 kwa bomba la inchi 3 hadi 8, lakini soma karatasi ya kifaa chako. Kile kisahani cha chuma kinachokatwa na msumeno wa tundu nacho kinapaswa kuwa kilitolewa na fundi wa awali. Na kasia la bomba la inchi 4 halifai kwa bomba la inchi 3 hata kama kisanduku kinafanana.

Kama chini kwenye chumba cha pampu mna pia vali ya kengele yenye chupa ya ucheleweshaji na kengele inayozungushwa na maji, ichunguze kwa muda huo huo. Chupa ile ina tundu dogo chini la kumwaga maji yanayoingia kwa misukumo midogo ya presha. Likizibwa na kutu, chupa hujaa kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi kengele ilie bila sababu inayoonekana. Na ikiwa kengele hiyo hailii kabisa, angalia kwanza kama vali ndogo ya laini ya kengele imefungwa na mtu aliyechoshwa na kelele, kisha kichujio chake.

Nimelifikia pendekezo la kukata waya. Sprinkla zitaendelea kufanya kazi, ni kweli, lakini hakuna atakayejua zimefunguka. Sprinkla moja inayotoa lita 100 kwa dakika kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi itamwaga lita 48,000 juu ya ofisi za watu sita wa chini yake, hata kama moto wenyewe ulizimwa katika dakika za mwanzo. Na pale moto usipozimwa, hasara haipimwi kwa lita. Tarehe 4 Mei 1988 moto ulizuka katika ghorofa ya 12 ya jengo la First Interstate Bank mjini Los Angeles, jengo lenye ghorofa 62. Mfumo wa sprinkla ulikuwa ukifungwa na kazi ilikuwa imefika takriban asilimia 90, lakini vali zilikuwa zimefungwa zikisubiri kengele za mtiririko zikamilishwe. Walinzi walizifuta kengele za moshi mara kadhaa, na mfanyakazi wa matengenezo aliyetumwa kwenda kuangalia alipanda lifti ikafungukia kwenye ghorofa iliyokuwa ikiwaka, alifariki. Uwaoneshe wakubwa wako kisa hicho, kwa sababu kinaonesha jinsi watu waliozoea kengele isiyoaminika wanavyoacha kuisikiliza, na jinsi kazi ya kengele inavyoweza kuachwa kiporo kana kwamba si sehemu ya mfumo. Aidha, waya ukikatwa paneli itatoa alama ya hitilafu usiku na mchana, mlinzi atajifunza kuibonyeza inyamaze, na siku itakapotokea hitilafu ya ghorofa nyingine ataibonyeza vivyo hivyo.

Mkaguzi akirudi, usimwoneshe risiti ya swichi mpya. Mpe karatasi yenye tarehe, presha kabla na baada, sekunde za kujaza ndoo, sekunde za paneli kuitikia, na mahali kisahani kilipowekwa, kwa kila ghorofa na si ya saba peke yake, kwani ghorofa nyingine zilizokarabatiwa zamani zaweza kuwa na hewa yake ambayo haijapata bahati ya kulia. Jaribio hilo la maji lirudiwe angalau kila miezi sita, kama NFPA 25 inavyotaka kwa swichi za kasia, na kila mara mpangaji anapomwaga maji ya ghorofa yake. Katika mkataba wa ukarabati ongezeni sharti kwamba atakayemwaga maji ndiye atakayejaza, kutoa hewa na kusaini vipimo mbele yako kabla hajalipwa.